Wapiga Pasi wa Gaëtan

Enzi zile, kabla Paris haijamwita kuandika filamu, Gaëtan Delcroix alikuwa wetu, sisi wapiga pasi wa duka la dobi karibu na stesheni ya Roubaix. Kila Alhamisi alikuja na riwaya yake changa, akakaa juu ya furushi la shuka, akatusomea maneno ya wahusika wake katikati ya mvuke. Bi. Léontine, mkubwa wetu, akiinua mkono tu, basi, sentensi hiyo imekufa.

“Hakuna mke anayemwambia mumewe hivyo,” alisema siku moja. “Labda kama wameoana jana.”

“Lakini Bi. Léontine, si maneno mazuri?”

“Mazuri sana. Kaoane nayo.”

Tulicheka mpaka nikaunguza kanzu ya padri. Jamani, nazikumbuka Alhamisi zile kuliko hata harusi yangu.

Riwaya mbili zilitoka hivyo, zikapendwa. Kisha akahamia Paris akaandika filamu kumi na moja, na Alhamisi zikawa za kazi tu. Filamu hizo tulizitazama zote. Watu wake walizidi kusema vizuri, nasi tulizidi kusinzia. Nilimkasirikia, sifichi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini yeye alichukua miaka ishirini.

Alirudi na mvi, filamu nyingine tatu alizoandika zimekataliwa. Alikuwa na riwaya mpya mkononi. Bi. Léontine akiikataa, Gaëtan aliniambia, yeye anaweka kalamu chini moja kwa moja. Ningemwambiaje kwamba mama yule alikuwa kiziwi mwaka wa pili sasa?

Nikampeleka nyumbani kwa mama huyo. Jikoni, mbele ya kahawa ya mizizi ya chikori, Gaëtan alisoma kurasa nane kwa sauti. Bi. Léontine alimkazia macho tu. Ukurasa wa tisa, akainua mkono.

“Hapo hapana.”

Gaëtan aliupitia tena ukurasa kimyakimya, uso ukamwiva.

“Kweli, hapo nimedanganya.” Akamgusa sikio, akicheka. “Hili halizeeki!”

“Sikio gani, mwanangu? Sijasikia hata neno moja. Nilikuwa nakutazama. Muda wote ulikuwa unaongea na mimi, ulipofika hapo ukaanza kujipenda.”

Mimi nililia, Gaëtan hakulia. Aliikata mistari ile, akasogeza kiti amkabili Bi. Léontine sawasawa, akaanza ukurasa wa kumi.