Mashine Iliyokuja Kupigwa Picha

Dobi wa hospitali alikuwa mwanamke wa maneno machache, mikono imemchubuka kwa dawa ya kufulia. Kila akimaliza kuanika mashuka alichungulia wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Hapo alilazwa mume wake, aliyemaliza ujana wake akipakia mifuko katika kiwanda cha saruji. Vumbi lilikuwa limemkaa kifuani. Bila mtungi wa oksijeni hakuwa na maisha.

"Tajiri wa kiwanda analeta mashine leo," dobi alimwambia, akimfuta jasho. "Inatengeneza hewa yenyewe. Haiishi kama mtungi."

Mume alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Pumzi yangu aliichukua kimyakimya. Kuirudisha ndiyo anataka kukata utepe?"

"Acha hizo, baba watoto. Wewe upumue, yeye apigwe picha. Kila mtu na chake."

"Haya. Wewe unawaamini, mimi nakuamini wewe."

Uwanjani serikali ilikuwa imesimamisha hema, imetandika zulia jekundu, imeleta spika kubwa kama makabati. Bomba la chumba cha kufulia lilikauka zamani, na dobi alichoka kuambiwa kwamba fungu halijatoka. Fungu la hema lilitoka.

Mashine iliingia inang'aa, na plastiki yake bado. Iliwashwa, mume na mzee wa kitanda cha pili wakavishwa barakoa zake. Ndipo muuguzi mkuu alipomnong'oneza dobi, "Dada, hii mitungi ina kutu, itatuaibisha kwenye picha. Isukume stoo."

Dobi alikuwa amezoea: wageni wakija, kibaya kinafichwa. Aliisukuma mitungi yote miwili kwa furaha, mtunza stoo akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Aliporudi, tajiri alikuwa amemshika mume wake mkono, uso kauelekeza kwenye kamera. "Pumua, mzee wangu, pumua." Na kweli alikuwa anapumua. Midomo ilikuwa imerudiwa na rangi. Dobi alijifuta machozi kwa upindo wa kanga, na mheshimiwa wa serikali akasema wananchi waone jinsi wanavyopendwa.

Wageni walipoondoka kwenda kula hotelini, vijana wawili wenye fulana za kampuni waliingia wakaanza kukunja waya.

"Jamani, mbona mnachomoa?"

"Hii ni ya uzinduzi tu, mama. Kuna hospitali nyingine inaisubiri. Yenu iko kwenye utaratibu."

"Utaratibu gani? Si mnaona watu wanaipumulia?"

"Si mna mitungi yenu? Tumetumwa tu, mama, usitugombeze."

Muuguzi mkuu alipiga kelele, akashika waya. Wakamwonyesha karatasi yenye muhuri, akauachia. Dobi alishakimbilia stoo. Kufuli. Mtunza stoo naye alikuwa amealikwa hotelini.

Alikimbia na sapatu, moja ikabaki njiani. Kwenye geti la hoteli askari alimzuia. "Kadi yako ya mwaliko?"

"Kaka yangu, namtaka mwenye ufunguo, mgonjwa anakata roho!"

"Kila mtu leo ana mgonjwa. Subiri hapo."

Alisubiri, akaona sahani zikipita, hadi mtunza stoo alipotoka, kijiti kinywani. Alipomwona alikitema. Walikimbia wote wawili.

Mtungi ulipofika kitanda cha dirishani, muuguzi mkuu alikuwa amesimama, mikono chini. "Dada," alisema, akampisha kando ya kitanda.

Dobi alimgusa mume wake shavuni. Bado alikuwa na joto. Alitaka kupiga yowe, lakini kitanda cha pili yule mzee, naye wa kiwanda kilekile, alikuwa anatweta, macho yamemtoka, wala hana ndugu wa kumshika. Muuguzi aliuvuta mtungi upande wake. Barakoa ilikuwa na kamba iliyokatika, ilihitaji mkono. Dobi akaishika.

"Mwanangu," mzee alisema ndani ya barakoa, "nenda kamfunike mwenzio."

"Vuta kwanza, baba," alisema. "Nitamfunika. Wewe vuta."

Alisimama hivyo, dirisha kalipa mgongo, akisikiliza pumzi ya mtu mwingine ikiingia na kutoka.