Aliyeshushiwa Ngazi

Mume wangu ndiye aliyewaambia watu kwamba mama yangu ameua wazazi wake. Hakumtaja jina, na mpaka leo anajitetea kwa hilo. Alikaa kwenye kijiwe cha kahawa pale Kibiti, jirani na kibanda anachotengenezea simu, akapanga vikombe juu ya benchi: hiki shamba, hiki mto, hiki nyumba ya kijijini. Akawaonyesha wenzake muuaji alipitia wapi. Mmoja akamwambia, "Fundi, wewe simu zinakuonea tu, ulitakiwa uwe mpelelezi." Wakacheka, naye akavimba kichwa. Kesho yake akarekodi maneno yale yale kwa sauti, akayarusha kwenye kundi la simu la watu wa kijiji chetu. Kwenye kundi hilo nilimwingiza mimi mwenyewe, nikasema, mkaribisheni shemeji yenu.

Babu na bibi, wazazi wa mama, waliuawa shambani, kwenye mpunga huku delta, nikiwa kidato cha pili. Ulikuwa msimu wa kuamia. Mpunga ukishatoa masuke mchana unafukuza ndege, usiku unafukuza nguruwe, kwa hiyo mwenye shamba anahamia hukohuko mpaka avune. Analala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na kupanda ni kwa ngazi. Mama alikwenda asubuhi na chai na mihogo ya kuchemsha akawakuta wamekatwa. Zaidi ya hapo sielezi. Polisi walikuja, wakaandika, wakakamata vijana wawili, wakawaachia. Hakuna kilichoibiwa, hata redio ya babu ilikuwa inaning'inia pale pale. Aliyeua hajajulikana.

Kila mtu kwenye ukoo ana lake. Kuna anayesema mipaka ya shamba, kuna anayesema wivu, kuna anayeshusha sauti na kutaja wachawi. Mama hakuwahi kusema lake. Alikuwa na kitu kimoja tu alichoniambia mimi peke yangu, nilipokuwa mkubwa: asubuhi ile ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye dungu. Ukishapanda kulala, ngazi unaivuta juu. Hilo hata mtoto anayenyonya huku analijua. Lakini polisi walipofika watu walikuwa wameshapanda na kushuka mara nyingi, hakuna aliyeuliza habari ya ngazi, na mama hakusema.

Nilimwambia mume wangu. Mtoto wetu alikuwa na homa siku zile, mume wangu amempakata kifuani, akaniuliza taratibu, "Hivi bibi yako alikuwa mtu wa namna gani?" Tangu bibi azikwe watu walikuwa wananiuliza alikufaje. Yeye aliuliza alikuwaje. Nililia, nikamwambia yote, mpaka habari ya ngazi. Nilidhani ananibembeleza, kumbe anakusanya.

Sauti yake nimeisikiliza mpaka nimeikariri. "Ndugu zangu, tutumie akili. Ngazi inavutwa juu. Aliye juu ndiye anayeshusha. Usiku wa manane utamshushia nani? Unayeijua sauti yake. Sasa jiulizeni, asubuhi nani alifika wa kwanza? Na kwa nini habari ya ngazi imefichwa miaka yote hii? Mimi sisemi kitu. Nawaachia wenyewe."

Nawaachia! Kama amewaachia ukoko wa wali wagombanie.

Mimi sikujua, lile kundi huwa silifungui, limejaa mapicha ya heri za Ijumaa. Nilijua msibani. Jirani wa mama alifiwa na mumewe, nikambeba mwanangu, nikapanda boti Nyamisati nikaenda kuzika. Sasa mama yangu msibani ana kazi yake inayojulikana, ni kusonga ugali wa sufuria kubwa. Akajifunga kanga kiunoni kama siku zote, akasogea mafigani. Mwanamke wa rika lake, aliyenicheza mimi unyago, akauwahi mwiko. "Shoga, wewe kapumzike. Leo tuko wengi."

Hatukuwa wengi. Mama akaenda kwenye mihogo. Wasichana wakasimama wote, "Shikamoo, bibi, tumemaliza," na mihogo imejaa beseni na maganda yake. Mama akarudi akakaa kwenye mkeka ukutani. Mikono hana pa kuiweka. Chakula kilipoletwa, masinia mengine yalizungukwa na watu saba, wanane. Sinia letu, mimi na mama na mtoto. Nyuma yangu mtu akasema, wala hakunong'ona, "Ule mkono ukipika, nani atakula?"

Nikainuka. "Aliyesema na aseme tena!"

"Usitufokee sisi, mwanangu," akasema yule somo wangu wa unyago. "Kamfokee mumeo. Sauti si yake?" Akatoa simu kwenye kanga, akaibonyeza pale pale, mbele ya mama.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika kwenye ngazi, akanitazama. Mara moja tu, kisha akaendelea kumlisha mwanangu. Heri angenizaba kofi.

Kibiti nilimkuta mume wangu kibandani, simu ya mtu mkononi, bisibisi mdomoni.

"Sikumtaja mtu," akasema, hata sijasalimu.

"Umesema aliyefika wa kwanza. Aliyefika wa kwanza nani, mbuzi?"

"Mama mtoto, punguza sauti, wateja hao."

"Wateja wamsikie mpelelezi. Hata kulala dunguni hujawahi, kwenu barabarani, mikorosho mpaka mlangoni. Dungu unalijulia wapi?"

"Kulala dunguni na akili vinahusiana nini? Haya, nijibu wewe uliyelala. Ngazi ilishushwa au haikushushwa?"

Nilibaki nimesimama juani, mtoto mgongoni, nikijaribu kupata jina lingine, sauti nyingine ambayo babu na bibi wangeiamini, na kwa dakika moja, kichwani mwangu, nilimsimamisha mama yangu chini ya lile dungu, anaita. Hicho ndicho alichonifanyia mume wangu. Wale wa msibani ni watu baki, lakini na mimi?

Nilifungasha nguo za mtoto nikarudi delta. Mama alikuwa anapara samaki uani, nikamuuliza nikiwa bado nimesimama, "Kwa nini ulificha?"

"Umesoma mpaka umesahau huku," akasema. "Maji yakijaa, mtu amekwama bondeni, atakwenda wapi? Huku kiboko, huku mamba. Anapiga hodi chini ya dungu la mtu. Mkata boriti, mvuvi, mtu wa kisiwa cha Mafia aliyepotea njia, yeyote. Unamshushia ngazi. Jina utamuuliza akishapanda."

"Kwa hiyo walimshushia mgeni?"

"Sijui walimshushia nani. Najua walikuwa wanashusha." Akageuza samaki upande wa pili. "Ningesema ngazi ilikuwa chini, msimu ule ule nani angemshushia mwenzake? Watu wangeliwa huko majini huku wanapiga hodi. Nilikuwa nimezika wawili. Basi."

Nikamwambia twende tukawaeleze wale wanawake. Akakataa. Bora wamwite muuaji, akasema, kuliko wajifunze kuvuta ngazi mtu akiita.

Baada ya juma hivi mume wangu alikuja kuomba radhi, ameletwa na baba yake mdogo. Walikaa uani kwenye mkeka, mume wangu ameangalia chini kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe wake. Akasema vizuri, nikiri. "Mama, nimekukosea, nimekuvunjia heshima, naomba unisamehe."

"Nimesikia, mwanangu," mama akajibu kutoka mlangoni.

Pangeishia pale, leo ningekuwa Kibiti nafua mashati yake. Lakini akakohoa. "Ila, mama, naomba kuuliza tu. Ile ngazi. Kwa nini hukuwaambia polisi?"

Baba yake mdogo alijipiga paja. "We mtoto, una wazimu?"

Mama akaingia ndani, akatoka na wali na samaki wa nazi, akawatengea. Mzee akanawa akala. Mume wangu akaangalia ile sahani.

"Nashukuru, mama. Nimeshiba."

Mtu ametoka Kibiti alfajiri, kapanda pikipiki mpaka Nyamisati, kapanda boti, jua limeshapinduka. Ameshiba nini, upepo? Basi nikaelewa. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba alitafuta sifa za kijiweni, upuuzi wa wanaume, utapita. Kumbe anaamini. Alikuwa ameoa mtoto wa mwanamke anayemwona muuaji, amekula kwake Idi mbili, amemwita mama, huku anapanga vikombe.

"Nenda na shibe yako," nikamwambia. Mzee aliniomba nikae chini tuzungumze. Nilimwambia, baba, kwa heshima zote, kijana wako akitaka tuzungumze, aanze kwenye kundi lile lile, kwa sauti ile ile, aseme amemsingizia mama yangu. Wakaondoka. Sauti hiyo haijaja. Ile ya kwanza bado inazunguka, imeshafika mpaka Ikwiriri, na mama misibani anakaa ukutani. Siku hizi nakaa naye.

Aliyewaua babu na bibi simjui, na sitajifanya namjua. Ninachojua nimekiandika hapa. Nilimsomea mama yote kabla sijampa mtu mwingine, ili asiseme na mimi nimemuuza. Alisikiliza huku anachambua mchele, amenuna. Hakusema nitoe, hakusema niache. Aliniambia tu nirudie pale nilipokuwa nimeandika kwamba babu ndiye aliyekuwa akiwashushia watu ngazi.

"Si babu yako," akasema. "Babu yako alikuwa akisikia hodi anasema, tusubiri kwanza, tumsikilize. Bibi yako hakuwa anasubiri."

Akapepeta, pumba zikaruka.

"Hapo parekebishe."