Kwaresima Isiyo na Moto

Karibu na ofisi ninakofanya kazi hapa Dar es Salaam kuna kibanda cha juisi, na kila asubuhi kijana mwenye kibanda huanza siku kwa kusaga tango, spinachi na tangawizi. Harufu inayotoka pale ni ya ubichi mtupu, kama shamba lililopaliliwa mvua ikiwa imekatika sasa hivi. Wateja wake husifu kwamba juisi hiyo inasafisha damu na kutuliza roho. Mimi hupita nikicheka peke yangu. Harufu hiyo naijua tangu nikiwa na miaka kumi, nyumbani kwetu Makote, Newala, mwaka ambao baba yangu alifunga Kwaresima bila moto.

Nieleze vizuri, maana nikisema "bila moto" watu hudhani tuliishiwa kuni.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa masomo kanisani. Ukoo wetu ni Waanglikana tangu enzi za wamisionari, na Baba aliubeba Uanglikana wake kama wengine wanavyobeba cheo. Mwanzoni mwa mwaka ule alianza kuumwa kichwa kila jioni. Akaenda zahanati, akapimwa presha, akarudi na vidonge ndani ya bahasha ya karatasi na sura ya mtu aliyefokewa mbele za watu. Muuguzi alikuwa amemwambia atavimeza maisha yake yote. Baba alilirudia neno hilo mezani, akiwa ameshika tonge ambalo halikufika mdomoni: "Yote." Baba yake mwenyewe, babu yangu, alikufa baada ya presha kumpoozesha upande mmoja wa mwili, na kwa muda mrefu mama yangu ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko. Kwa hiyo hakuna aliyelifanyia mzaha jambo lile, hata mimi niliyependa mzaha.

Siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu akaja Shangazi Agnesi, dada mkubwa wa Baba, kutoka Masasi mjini. Alikuwa ametoka kwenye semina ya afya na maombi, akashuka kwetu na mfuko wa ndimu na mafundisho yake. Kwamba chakula kina uhai, na moto unauua uhai huo. Kwamba anayekula vilivyokufa, roho yake nayo husinzia, hata akisali anasali kama mtu anayeongea usingizini. Kwamba magonjwa yote, presha ikiwa ya kwanza, yalianza siku binadamu alipoinjika sufuria.

"Adamu na Hawa walikuwa na jiko?" alimwuliza mama yangu.

"Hawakuwa na muhogo mchungu, wifi," Mama alijibu. "Wangekuwa nao, wangepika tu."

Baba alicheka, lakini niliona macho yake. Alikuwa ameshatekwa. Jumatano alipotoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, alitangaza kwamba hadi Pasaka hatakula kitu kilichopita motoni. Na kwa kuwa vidonge, kwa maelezo ya Shangazi, hupikwa kiwandani, navyo akaviacha. Bahasha ikawekwa juu ya kabati, nyuma ya redio.

Mama alikataa kuzima jiko lake. Akaendelea kuwapikia wadogo zangu ugali na kunde kama kawaida, na nadhani vitunguu vilivyokaangwa nyumbani kwetu Kwaresima ile vilikuwa vingi kuliko mwaka mwingine wowote. Mimi nilijiunga na Baba. Sikujiunga kwa imani, maana imani ilikuwa inanipa shida tangu udogoni, hata bibi yangu aliniita Mama Kwa Nini. Sikutaka tu ale peke yake.

Mwanzoni ilikuwa kama sikukuu. Mvua zilikuwa nzuri. Kulikuwa na matango ya shambani, mapapai, mahindi machanga yanayotoa maziwa ukiyauma, na karanga mbichi ambazo tulizing'oa na kuzila hapohapo, udongo ukisaga meno. Muhogo mtamu tuliutafuna mpaka mataya yakaomba radhi. Shangazi aliponda mchicha kwenye kinu, akaukamulia ndimu na kuukunia nazi, na jioni nyumba nzima ilinuka kijani. Niligundua kwamba hakugusa kisamvu. Alikuwa mzaliwa wa Makote, alijua kisamvu kibichi ni sumu. Nilipomwuliza kwa nini Mungu aliweka uhai kwenye mchicha na sumu kwenye kisamvu, aliniambia nitafune kimya, kwa kuwa kutafuna nako ni kusali.

Halafu likaja suala la korosho. Shangazi alisema korosho za kuchoma zimekufa, tule mbichi. Baba, mwenye mikorosho yake, alibaki anamtazama. Watu wa kwetu wote wanajua kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Ndiyo maana tunazichoma kwanza, kisha tunabangua.

"Zile nyeupe za dukani mbona mbichi?" Shangazi alisema.

"Nazo zilipata moto kabla ya kubanguliwa, wifi," Mama alisema kutoka jikoni. "Au unataka mume wangu asome somo Jumapili na midomo kama ya bata?"

Hivyo korosho zikafukuzwa Edeni, na Baba, ambaye hakuweza kusahihisha madaftari bila korosho kiganjani, akaanza kutafuna kalamu.

Kisha kucheka kukapungua. Baba alikonda. Alisema anajisikia mwepesi, kwamba anasali vizuri kuliko zamani, na pengine ni kweli. Lakini maumivu ya kichwa yalirudi, na yakarudi na kizunguzungu. Siku moja aliyumba mbele ya darasa la sita, chaki mkononi, wanafunzi wakamkalisha kwenye dawati. Jioni ile nilimsikia Mama chumbani.

"Baba Upendo, presha haijui Kwaresima. Meza dawa."

"Niache nimalize, Mama Upendo. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Mungu au dada yako?"

Mama alitoka, akapita jikoni, akaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu na tanki la maji ya mvua. Nilimfuata nikamkuta anafuta uso kwa ncha ya khanga. Nilijua anachokiona. Anaona kijiko cha Babu.

Jumamosi iliyofuata, darasa letu la kipaimara lilipelekwa Masasi kwa gari la kanisa, kuwaona masista wanaotengeneza hostia, ule mkate mwembamba wa Ekaristi. Tuliteremka mlima tukiimba, mimi nikiwa na tango mfukoni kama chakula cha mchana. Sista mmoja mnene, mcheshi, alituonyesha kazi. Uji wa unga wa ngano na maji, bila chumvi, anaumimina kwenye chuma cha moto chenye mikono miwili kama koleo, anakibana, chuma kinalia chwaaa, mvuke unatoka pembeni. Akikifungua, pale pana karatasi nyeupe ya mkate. Anakata viduara, na vinavyobaki pembeni anawagawia watoto.

"Sista, hii imepikwa?" niliuliza.

"Ulitaka tukupe unga mkavu, binti?"

Wenzangu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na vipande vile mkononi, vya moto bado, na kichwani nahesabu Jumapili ambazo Baba alipiga magoti madhabahuni tangu Majivu.

Sikuvila. Nilivifunga kwenye leso nikaja navyo. Tulifika jua linaelekea kuzama, nikamkuta Baba kibarazani na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, Shangazi akimkatia papai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mmerudi salama? Umeleta nini?"

"Vipande vya hostia. Havijabarikiwa."

Alivinusa. "Vimepikwa?"

"Kwenye chuma cha moto. Kinalia chwaaa. Baba, na ile ya Jumapili ni hiyohiyo. Kila Jumapili unakula kitu cha moto."

Kisu cha Shangazi kilisimama juu ya papai. "Usimchanganye baba yako," alisema. "Ile ikishabarikiwa inakuwa hai. Si chakula cha kawaida tena."

Nilifikiri kidogo. Nawaapia sikuwa na ujanja wowote. Nilitaka tu kujua.

"Sasa Shangazi, na vidonge haviwezi kubarikiwa?"

Mama akatokea mlangoni na bahasha mkononi, sijui aliichukua saa ngapi. "Na kama padri yuko mbali," alisema, "mimi mwenyewe nitavipiga ishara ya msalaba, hata kwa mwiko."

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikaanguka, mpaka Shangazi naye, aliyejaribu kununa, akajifunika mdomo. Kisha Baba akanyoosha mkono. Akaweka kidonge kiganjani, akainama, akakinong'onea jambo refu kwa Kimakonde, akameza kwa maji. Tangu siku hiyo kila kidonge nyumbani kwetu kiliombewa kwanza, hata panado ya mafua. Majirani walidhani ni utaratibu wa Kianglikana.

Ugali alisubiri mpaka Pasaka, kama alivyoahidi. Baadaye muuguzi alifurahia vipimo vyake, akamwambia aendelee na matango na mchicha, lakini asithubutu tena kuacha dawa. Shangazi hadi leo anakula vibichi, ni mzee mwenye meno yake yote na hasira zake zote, na mimi na digrii yangu sina la kumwambia.

Chuoni nilikisimulia kisa hiki mara nyingi, kama ushindi: mtoto wa miaka kumi alivyomshinda mwalimu kwa hoja. Krismasi iliyopita, tukibangua korosho uani, nilimwuliza Baba alisema nini siku ile juu ya kile kidonge. Alikuwa anaomba kiwe hai?

"Upendo," alisema, "nilijua kidonge ni kidonge. Wewe ulidhani mimi mjinga?" Akapuliza maganda mapajani. "Lile neno la muuguzi ndilo lilinishinda. Kufunga kuna Pasaka. Dawa hazina Pasaka. Nikaona heri njaa, maana njaa najua itaisha lini."

"Sasa uliomba nini?"

"Niliomba nimeze cha siku ile tu. Kesho yake nikaomba tena cha siku hiyo."

Mama aliita kwamba chakula tayari. Baba akanawa, akaingia ndani kuchukua dawa yake. Nilisimama karibu na mlango. Kimakonde changu ni kibovu, lakini katika mnong'ono ule nililipata neno moja, lile la "leo", kabla hajameza maji.