Mpaka Kahawa Ikauke

Matibabu ya kutafuta mtoto yalipogoma mara ya tatu, mimi na mume wangu tulikaa kama watu wazima ili tuweke kikomo. Daktari wa Dar es Salaam alishasema tunaweza kujaribu tena, ila uamuzi ni wetu. Mume wangu akapendekeza tuamue baada ya mavuno ya kahawa. Kwetu Mbinga kila jambo zito hungoja mavuno, iwe harusi, bati au ugomvi wa mpaka wa shamba. Nikakubali.

Mavuno yakaisha. “Tumalize kwanza kumenya,” akasema. Tukamenya, tukaosha. “Basi ikauke,” akasema, na hapo ndipo tuliponasa.

Sindano zilizobaki tulikuwa tumezihifadhi kwenye friji ya soda ya mzee mwenye duka, maana yetu ilikufa. Mzee yule alijivunia kutunza siri. Aliitunza kwa kunipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara na kupaza sauti: “Mwalimu, ule mzigo wako uko baridi kabisa!” Wateja wakanipa pole au hongera, kila mtu kwa alivyoelewa.

Huku nyumbani mume wangu aliianika kahawa kila asubuhi, akaigeuza, akaifunika, akatikisa kichwa. “Bado ina unyevu.” Kahawa yenyewe ilishaanza kulia kama njuga. Mimi nimezaliwa kwenye kahawa, tangu darasa la kwanza najua kuipima kwa meno. Lakini nikaitikia, “Kweli bado, na ukungu huu,” wakati jua linawaka hadi kuku wamejificha chini ya kichanja. Nilikuwa nimechoka na sindano, nimechoka kabisa. Ila niliogopa kuwa mwanamke aliyemnyima mumewe mtoto kwa sababu kahawa imekauka.

Jumamosi moja mama mkwe akafika kutoka Lituhi na ndoo ya usipa, dagaa wa kwao ziwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.” Akachukua punje moja kichanjani, akaing'ata. Ikapasuka. “Hii mnaifanya nini?”

“Inakauka, mama,” akajibu mwanawe.

“Mimi ni mtu wa ziwani, naanika dagaa tu. Lakini hii mkiiacha hadi kesho mtazoa majivu.” Akaingia jikoni kutafuta kikaango.

Tukabaki wawili, tunatazama vichanja kama wezi waliofumaniwa.

“Nilikuwa nakungoja wewe useme,” akasema.

“Na mimi nilikuwa nakungoja wewe.”

Akakuna kichwa. “Mwalimu, siwezi tena kukuchoma zile sindano. Mkono unatetemeka, najifanya nafukuza mbu.”

Miaka yote ile niliamini nyumba yetu ina mbu wengi. Nikacheka hadi nikashika mbavu. Kwanza nilisikia nafuu, nikaionea aibu, halafu huzuni ikanijia yote kwa pamoja.

Nikang'ata punje mbele yake. “Imekauka,” nikasema.

Tukaanza kujaza magunia, yeye ameshika mdomo wa gunia, mimi namimina, wote tunalia bila kujificha. Mama mkwe akachungulia dirishani, akauliza kama tunalilia kahawa kushushwa daraja sokoni.

“Hapana, mama,” nikamjibu. “Tunamlilia mtoto.”

Akaepua kikaango, akatoka, akaja kutushikia gunia la pili.