Mgonjwa wa Spiti

Kwa miaka thelathini na mmoja Mukhwana alikuwa amekula jasho lake kwa barafu. Alikuwa fundi wa friji, na karakana yake, yaani meza moja, kiti kimoja na turubai, ilikuwa nyuma ya maduka ya nguo kule Eastleigh, Nairobi. Friji za maziwa ya ngamia, friji za nyama, friji za soda zilizozeeka: zote alizijua kwa mngurumo, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Lakini barafu yenyewe hakuipenda hata kidogo. Barafu aliyoijua ni ile ya kukwangua, nyeusi pembeni, yenye harufu ya samaki wa mwaka juzi. Alitamani, kabla hajafa, aone barafu ambayo haikutengenezwa na mashine na haikumngoja yeye aje na bisibisi.

Hamu hiyo aliipata kwenye kalenda. Hibaq, mama aliyeuza vitambaa kwa jumla na kwenda Delhi kila mwaka kuchukua mzigo, alimletea kalenda ya mfanyabiashara mmoja wa huko, kumshukuru kwa kuiokoa friji yake katikati ya Ramadhani. Picha ya mwezi wa Oktoba ilikuwa ya bonde kavu lililozungukwa na milima myeupe, na chini yake neno moja: Spiti. Mwaka ule ukaisha, kalenda ikabaki ukutani. Kwa miaka tisa, kwenye meza ya Mukhwana ilikuwa Oktoba.

Mwaka huu zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika, jamaa zake wote wakitarajia atanunua ng'ombe wa maziwa apeleke Bungoma, Mukhwana alikwenda dukani kwa Hibaq akamwambia anataka kwenda kwenye ile kalenda.

"Kwa siku ngapi, fundi?" Hibaq aliuliza, bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa akipima.

"Wiki moja."

"Wiki ni kidogo. Kutoka Delhi unapanda na gari. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi."

"Zinabaki tatu."

"Zinabaki mbili. Moja utalala kichwa kinauma. Huko ni juu sana, fundi, hewa ni kidogo. Hao watu wameweka soko na shule mahali ambapo kwa Mlima Kenya watalii wanaanza kulia."

Hibaq alimpa masharti matatu. Afanye mazoezi ya ngazi ili mapafu yazoee. Atafute koti la maana. Na aende kwa daktari apewe vidonge vya mlima, avijaribu kwa siku mbili, mapema kabla ya safari, aone kama mwili unavikubali. Mukhwana aliyaandika yote matatu kwenye daftari lake na kuyafuata moja baada ya jingine, kwa sababu fundi mzuri haruki hatua. Na hayo matatu ndiyo yaliyomponza.

Mkewe Khalayi hakutaka kwenda. Alisema baridi anayoijua ni ya Limuru, na hakuipenda. Wiki hiyo angekwenda Bungoma kumwona binti yao Nekesa, aliyejifungua. Alimpa mumewe onyo moja tu: "Usitangaze. Safari haitangazwi, Baba Nekesa."

Mukhwana hakutangaza. Alimwambia mtu mmoja, naye ni Truphena, jirani yao wa mlango wa pili kwenye ghorofa ya saba pale mtaa wa Kware, kwa sababu nyumba ingebaki tupu na lazima mtu awajazie mitungi siku ya maji. Alimkuta akianika nguo. Chini, pampu ya maji ilikuwa inanguruma jengo zima likitetemeka.

"Mama, mwezi ujao nitakuachia ufunguo. Naenda India wiki moja."

Truphena aliliacha shati mkononi likidondosha maji. Sasa, ieleweke kwamba Nairobi mtu hasemi anaenda India vile anavyosema anaenda Dubai. Dubai ni biashara. India ni madaktari. Mtu wa Kware akitaja India, wenzake huanza kuuliza mchango ni wa lini na damu yake ni ya aina gani.

"Aki woi," Truphena alisema. "Wapi huko India?"

"Spiti!" Mukhwana alipaza sauti kuishinda pampu.

"Sipitali," Truphena alirudia polepole.

Mukhwana alidhani ni ulimi tu wa kwao Vihiga, maana Truphena hata stesheni aliita sitesheni. "Eeh, huko huko," akajibu.

"Ni kubwa?"

"Kubwa sana! Nimeona picha."

"Na utarudi, lakini?"

"Nitarudi, kama hewa haitanimaliza," Mukhwana alisema, akacheka. Truphena hakucheka. Alimtazama akishuka ngazi, akajifuta machozi kwa lile shati bichi.

Mukhwana akaanza masharti yake. Koti alilipata kwenye mitumba ya Gikomba, jeusi, zito, la kushuka mpaka magotini, lenye manyoya shingoni. Kila jioni alilivaa na kupanda ngazi kutoka langoni mpaka ghorofa ya nane, akashuka, akapanda tena. Majirani walimkuta ghorofa ya tano ameshika ukuta, kinywa wazi, jasho likimtiririka ndani ya manyoya. "Anasikia baridi na huku anatoka jasho," wakanong'ona. "Hiyo si homa ya kawaida." Kisha akajaribu vile vidonge vya mlima, na vidonge hivyo kazi yake moja ni kumpeleka mtu msalani kukojoa. Ghorofa ya saba ina vyoo viwili kwa nyumba kumi, na mlango wa Truphena unatazamana navyo. Kufikia Jumapili alikuwa ameshahesabu vya kutosha, na hukumu ikatoka: ni figo.

Akafungua kundi kwenye simu, akaliita Tusimame na Baba Nekesa. Aliwaingiza watu wote aliowajua, na wengine aliowasikia tu.

Mukhwana aliona mabadiliko bila kuyaelewa. Msimamizi wa jengo, mtu ambaye kwa kawaida hujibu salamu kana kwamba anaitoa kwenye mshahara wake, alimwambia achote maji kwanza kabla ya foleni. Vijana wa chini wakamnyang'anya mtungi wa gesi wakaupandisha wenyewe. Na kila asubuhi Truphena aligonga mlango na chupa ya uji wa wimbi uliotiwa njugu, mzito, mtamu, wa kumfanya mtu asahau chai. Mukhwana akajiambia kwamba hatimaye watu wameanza kuheshimu mvi zake.

Khalayi ndiye aliyeleta ukweli kutoka kanisani, bado amevaa kitambaa kichwani.

"Baba Nekesa, wewe ni mgonjwa?"

"Mimi? Hapana."

"Figo zako zimekufa. Zote mbili. Mke wa pasta amenishika mkono akanililia."

"Nani amesema?"

"Watu mia moja na arobaini. Kwa group. Mimi wameniingiza leo."

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka Khalayi akakaa chini. Walipomaliza, Mukhwana aliapa kwamba kesho asubuhi atamwambia Truphena kila kitu. Asubuhi mlango ukagongwa, na uji ulikuwa bado unatoa mvuke. Akasema kesho. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kuhusu mficha uzima hawakuacha neno. Pesa hakugusa hata senti: walipomtajia mchango alisema safari imeshalipwa, jambo ambalo ni kweli tupu, nao wakamsifu kwa kuwa mgonjwa asiyesumbua watu. Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Khalayi alimwonya kila siku. Alimwonya huku akinywa uji.

Hapa ndipo anapoingia Muriuki.

Muriuki na Mukhwana walifundishwa kazi na mzee mmoja, wakafanya kazi meza moja miaka ishirini. Mzee alipofariki aliwaachia kipimajoto cha friji, kidogo, ndani ya kisanduku cha mbao, kitu ambacho hakijawahi kusema uongo hata siku moja. Miaka minne iliyopita kilipotea. Mukhwana, mbele ya wateja, alisema, "Muriuki, rudisha." Muriuki alizibeba zana zake zote siku hiyohiyo, akahamia hatua sita kando, akatundika gunia katikati. Tangu hapo hawakuwa wameongea. Kama ni lazima mmoja amwambie mwenzake kitu, Hibaq ndiye aliyekipeleka.

Siku kumi kabla ya safari, mchana, gunia liliinuliwa. Muriuki aliingia na shati lililopigwa pasi, akaketi juu ya kreti ya soda.

"Mukhwana."

"Muriuki."

"Damu yako si ni O?"

"Ni O."

"Yangu pia. Nimepimwa Jumatatu. Daktari anasema figo zangu ziko sawa, mbili." Alikohoa. "Moja ni yako."

Bisibisi ilimponyoka Mukhwana ikaanguka ndani ya friji.

"Na usiogope," Muriuki aliendelea, macho chini. "Nimeacha pombe wiki tatu leo. Nyama choma pia. Sikutaka upewe figo inanuka bia. Mke wangu Eve anafikiri nimeokoka, amewaambia hadi wazazi wake. Passport nachukua Alhamisi, tunaenda pamoja."

Mukhwana aliinama kuitafuta bisibisi. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na furaha: Muriuki alikuwa ameketi tena kwenye kreti yake, na Mukhwana alikuwa amemkosa kwa miaka minne bila kukiri. Akisema ukweli, Muriuki angerudi nyuma ya gunia na asitoke tena mpaka mmoja wao azikwe. Akinyamaza, huyu mtu angepanda ndege kwenda kukatwa tumbo. Uji ulikuwa umefika mwisho wake.

"Muriuki, mimi si mgonjwa."

"Usinifiche. Nimeona group."

"Naenda kutembea. Naenda kuona barafu." Akaonyesha Oktoba ukutani. "Hapo. Panaitwa Spiti. Truphena alisikia sipitali."

Muriuki aliinua macho kwenye kalenda. "Barafu," alisema. "Hii tunakwangua kila siku tunamwaga kwa mtaro."

"Ile hakuna mtu anakwangua."

"Wiki tatu, Mukhwana!" Muriuki alisimama, kreti ikapinduka. "Wiki tatu nakunywa maji kama ng'ombe! Jumamosi kulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu, mbuzi kumi, na mimi nakula kabeji! Nirudishie figo yangu!"

"Lakini bado unayo."

"Nirudishie!" Akatoka, na gunia likashuka nyuma yake.

Jioni hiyo Mukhwana alipanda ngazi bila koti, akagonga mlango wa Truphena, akakiri yote. Truphena alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo uji wangu, Baba Nekesa?"

"Ulikuwa mtamu sana, Mama."

"Njugu nilikuwa naagiza nyumbani," Truphena alisema, akafunga mlango. Usiku ule watu waliondoka kwenye kundi mmoja mmoja, mia moja na arobaini, na simu ya Khalayi ikamtangazia kila mmoja wao. Asubuhi msimamizi wa jengo alimrudisha Mukhwana mwisho wa foleni, nyuma ya watoto.

Mukhwana akataka kuahirisha. Alimwambia Khalayi kwamba hana tena hamu, kwamba kila akiitazama ile picha anaona kabeji.

"Enda," Khalayi alisema, akimkunjia soksi. "Ukibaki utakuwa umeaibika, na barafu hukuona."

Siku ya safari alipitia karakana kumwachia Hibaq ufunguo wa sanduku la zana. Jua lilikuwa kali na koti alikuwa amelivaa, maana begi lilikataa kulimeza. Alikuwa anainamia kufuli aliposikia harufu ya nyama choma. Muriuki alisimama nyuma yake, mkononi ana kisanduku cha mbao.

Mukhwana alikijua kabla hakijafunguliwa.

"Ulikuwa nacho," alisema.

"Siku ile uliniambia nirudishe, kilikuwa kwa mfuko wangu wa shati. Nilikuwa nimekichukua asubuhi, kuna friji nilikuwa naenda kupima pale juu, nirudishe jioni." Muriuki aliongea haraka, kama mtu anayebeba kitu cha moto. "Wewe ukanisema mbele ya watu. Nikaona, kama ni hivyo, wacha nikuwe mwizi. Kesho yake nikataka kukileta, nikashindwa. Mwezi ukaisha. Mwaka ukaisha."

"Muriuki, ulikuwa tayari kutoa figo."

"Figo ilikuwa rahisi," Muriuki alisema. "Ni hiki kilikuwa kinanishinda."

Wakasimama hapo, wazee wawili, wateja wakiwapita na marobota ya vitambaa. Mukhwana alitaka kusema jambo kuhusu uongo wake wa wiki mbili na ule wa mwenzake wa miaka minne, lakini akapokea tu kisanduku na kukitia mfuko wa ndani wa koti.

"Kapime hiyo barafu yao," Muriuki alisema. "Ukirudi uniambie ilisoma ngapi. Na huo ufunguo nipe mimi, Hibaq anajua nini kuhusu friji? Enda, utaachwa na ndege."

Mukhwana akampa ufunguo. Alipofika kwenye kona aligeuka. Muriuki alikuwa amepanda juu ya kreti, anafungua kamba za lile gunia.