Radi Niliyoitabiri Mwenyewe

Aibu ni yangu, nakiri, lakini hasira sijaimaliza. Mimi ni mpima hali ya hewa hapa Bukoba. Asubuhi ile niliona mawingu mazito yamejipanga juu ya ziwa, yakisogea polepole, nikaandika: radi kali alasiri. Nikapanda baiskeli hadi kwetu Kaagya kuwaonya majirani walioanika kahawa.

Nani alinisikiliza? Ma Koku, jirani yetu, aliendelea kugeuza kahawa yake mkekani.

"Mwanangu, serikali imekusomesha mawingu. Mimi nayatazama tangu sijaolewa."

Nikafoka! Nikamwambia kahawa ikilowa asije kunililia.

Saa tisa kikapiga kishindo cha kutikisa mabati. Vita vya mpakani vilikuwa vimeisha mwaka uliotangulia tu, na miguu yangu haikungoja akili. Nilitimua mbio hadi kwenye handaki letu la migombani, nikajitupa kifudifudi, nikipiga kelele: "Laleni chini! Mabomu! Wamerudi!"

Mvua ikashuka. Nilipoinua kichwa, Ma Koku alikuwa amesimama ukingoni, kikapu cha kahawa kichwani, kimefunikwa vizuri.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "si ulisema ni radi?"