Majani ya Bi Mize

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, kule Tunguu, nilipomkuta ng'ombe wetu amelala chini, ubavu wake wa kushoto umefura kama ngoma. Kilichomfurisha nilimpa mimi, kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Baba alipewa eka tatu, akanunua ndama dume mwenye doa jeupe kipajini, tukamwita Baka. Baba alifanya kazi mjini na shamba akija Ijumaa tu, kwa hiyo ndama alinikabidhi mimi. "Huyu ndiye ng'ombe wa harusi ya dada yako," aliniambia. "Mtunze anenepe, tusiaibike mbele ya wakwe." Harusi iliwekwa baada ya mavuno ya mpunga.

Baka hakuachwa huru, maana mihogo ya watu ilikuwa pande zote. Alifungwa kamba kwenye kigingi. Ng'ombe wa kamba hula duara lake. Likiisha, kigingi huhamishwa. Hayo niliyajua. Lakini eka zetu nyingi tulipanda muhogo, na majani yalikuwa pembe moja tu. Nilikizungusha kigingi hapo hapo, nikirudi kwenye duara la kwanza kabla jani halijainua kichwa.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na shamba la Bi Mize, mjane mtu mzima, aishiye peke yake. Chini ya minazi yake majani yalisimama hadi kiunoni. Ilinitosha kupiga hodi na kuomba. Sikupiga. Nilikuwa kijana wa haya nyingi. Skuli ya msingi niliimaliza bila ya kunyoosha mkono darasani hata mara moja. Kwa Bi Mize nilipita kichwa chini, "shikamoo" nusu inatoka, nusu inabaki kooni. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na aliyekonda alikuwa Baka.

Kiangazi kilipokaza, pembe yetu ikawa udongo mwekundu na mbavu za Baka zikahesabika. Baba akaleta gunia la mashudu ya nazi kutoka kinu cha mafuta mjini. Akaniagiza nimpe kidogo kidogo, jioni, akishashiba majani. Lakini majani ya kumshibisha yalikuwa wapi? Nikajiambia mashudu yatashika nafasi yake. Asubuhi ile nilimmwagia karai zima, tumboni hana kitu, nikaenda kisimani. Niliporudi nilimkuta kama nilivyokwambia.

Hata kupiga kelele sikuweza. Bi Mize alikuja kwa kumsikia Baka akikoroma, mkononi ana chupa ya mafuta ya nazi.

"Mnyanyue! Usisimame kama nguo kambani!"

Tulimsukuma mpaka akasimama. Bi Mize akammiminia mafuta kinywani taratibu, akaniamuru nimsugue ubavu na kumtembeza kuelekea mlimani, kichwa kikae juu. Tulikwenda na kurudi hata jua likawa kali. Mwisho Baka akacheua kwa kishindo, pumzi ikamtoka, na ubavu ukaanza kushuka.

Bi Mize akacheka. "Haya, ng'ombe kashasema. Wewe je?"

"Niseme nini, Bi Mize?"

"Useme shida yako! Nnakuona kila siku unapita hapa kama mtu kaangusha sindano. Ng'ombe wako analamba udongo, na mimi majani yamenifika kiunoni, nazi zikianguka sizioni. Mdomo umepewa wa kulia ubwabwa tu?"

Nikainua kichwa. "Naomba nimfunge Baka kwako."

"Ndilo neno hilo? Mbona fupi!"

Kisha akaenda kwenye duara langu, akang'oa kisiki cha jani. Mzizi wake ulikuwa mfupi kama ndevu za mbuzi. "Jani hulishwa na mzizi, na mzizi hulishwa na jani," alisema. "Ukilikata kila likichungulia, litaota kwa nguvu gani?"

Tangu siku ile kigingi kilihama kila asubuhi. Tulianzia mwisho wa shamba la Bi Mize, tukaja mbele, na hatukurudi tulipoanzia mpaka majani yalipofika magotini. Pembe yetu niliiacha ipumzike mpaka masika yakaifufua. Mashudu nilimpa jioni, kibaba kimoja nimekichanganya na pumba za mpunga, tena akiwa ameshashiba, na maji hayakumpungukia. Baka hakunenepa kwa siku moja. Lakini mbavu zilipotea, mgongo ukajaa, na Bi Mize akawa anaziona nazi zake.

Harusi ilifika. Wakwe walikula wakashiba, na baba hakuinamisha uso. Mimi ndiye niliyempelekea Bi Mize sahani yake ya pilau. Alitafuna nyama kwa utulivu, akafumba macho kidogo.

"Majani yangu haya," alisema.

Basi mwanangu, ukifuga, usimtazame ng'ombe peke yake, tazama na anapokanyaga. Hamisha kigingi kabla udongo haujaonekana, na usirudi pahala mpaka jani limekuita. Mashudu na pumba ni kitoweo. Majani ndiyo wali, na hakuna ashibaye kitoweo kitupu. Na kuona haya ni pambo zuri la kijana, sikukatazi. Lakini mnyama hana ulimi wa kuombea chakula. Ulimi wake ni wako, basi kapige hodi kwa jirani kungali mapema, huenda naye anakungoja.

Mola akupe mkono mwepesi na neno la kuombea, na kila utakapopiga kigingi chako, akuoteshee majani mabichi. Amin.